Mo Amin: Picha unaijua, jina la mpigaji je?

Kama simu yako ina bando, tafuta picha za njaa ya Ethiopia ya 1984. Utaona alfajiri yenye ukungu na watu waliojifunika mashuka, wengine wameketi, wengine wamelala chini, uwanda mzima. Ukiangalia haraka huwezi kujua nani bado anapumua na nani alikata roho usiku. Hata kama ulizaliwa miaka ishirini baadaye, picha hizo si ngeni kwako. Umeziona YouTube, au kwenye tangazo la shirika la misaada.

Sasa nikuulize: kamera ilishikwa na nani?

Swali hili nimeliuliza hapa Kanduyi, kwa kinyozi na kwa vijana wa boda pale njia panda. Majibu niliyopata yote yalikuwa majina ya wazungu: mwanamuziki fulani, mtangazaji fulani wa BBC. Hakuna aliyetaja jina lenyewe. Na ukweli ni kwamba mwenye kamera alikuwa mtu wetu, Mkenya aliyezaliwa Eastleigh, Nairobi. Aliitwa Mohamed Amin. Dunia ilimfupisha ikamwita Mo.

Amekufa kitambo, Novemba 1996. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa, au tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Picha zake zimehifadhiwa na wakfu wenye jina lake, na tangu 2021 maelfu ya picha hizo ziko kwenye jukwaa la Google Arts & Culture. Huhitaji nauli ya Nairobi wala tiketi ya jumba la sanaa. Lakini kuona picha kwenye skrini ndogo huku meseji zikiingia si sawa na kusimama mbele yake ukutani, ukiwa na jirani yako, mkabishana.

Kwa hivyo leo tuandae maonyesho, mimi na wewe. Chukulia tumepewa ukumbi wa jamii hapa Kanduyi, karibu na ule uwanja wa Masinde Muliro. Ukumbi una kuta tupu, tumekopa nyundo na tuna misumari ya kutosha. Tunataka kumheshimu marehemu mpiga picha wa vita. Tutatundika nini, na chini yake tutaandika nini?

Ukuta wa kwanza: Kijana wa Dar

Mo alizaliwa Agosti 29, 1943. Baba yake, Mzee Sardar Mohamed, alitoka Punjab akaja huku kufanya kazi ya reli, kama Wahindi wengi wa enzi ile. Mtoto akiwa na miaka tisa hivi, familia ilihamia Dar es Salaam. Huko ndiko alikonunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mitumba. Kama hujawahi kuiona, ni kiboksi kidogo cha kawaida tu, hakina mbwembwe zozote.

Akiwa bado mwanafunzi alikuwa tayari anapiga picha za magari ya Safari Rally. Mwaka 1963, kabla hajafikisha miaka 21, akaanzisha kampuni yake mwenyewe pale Dar na kuiita Camerapix.

Rudia hiyo sentensi polepole. Ana miaka ishirini na tayari ana kampuni. Mimi chuo nilikiacha njiani, na najua wewe unayesoma hapa unaweza kuwa umemaliza, umeacha, au unasubiri karo itoke kwa mjomba. Sikuambii usisome. Ninachokuonyesha ni kwamba huyu jamaa hakungoja mtu amwambie sasa unaruhusiwa kuanza.

Miezi michache baada ya kampuni kufunguliwa, historia ikabisha hodi. Januari 12, 1964 mapinduzi yakatokea Zanzibar, na sultani akakimbia. Siku nane baadaye, Januari 20, wanajeshi wa Tanganyika wakaasi Dar yenyewe. Mashirika makubwa ya habari ya Ulaya na Marekani yakawa yanatafuta picha kwa udi na uvumba, na watu wao wako mbali. Mo alikuwa hapo hapo. Alikuwa anaijua pwani, anazijua njia, na kamera ilikuwa tayari. Filamu zake zikaanza kuuzwa nje.

Mwandishi aliyetoka mbali na tiketi ya kurudi huona tukio likiwa limeshapoa. Mwenyeji huona moshi wa kwanza. Mo aliijenga kazi yake yote juu ya kanuni hiyo.

Kulikuwa na bei ya kulipa, na ilikuja mapema. Alikuwa amepiga filamu iliyoonyesha wakufunzi wa kijeshi kutoka Urusi ya Kisovieti na Ujerumani Mashariki wakiwa Zanzibar, na filamu hiyo ikaonyeshwa Marekani. Mwaka 1966 aliporudi kisiwani alikamatwa. Alikaa jela karibu mwezi mzima, akateswa, na alipotoka alifukuzwa nchini. Alirudi Nairobi, mji aliozaliwa, na Camerapix ikahamia huko. Alikuwa na miaka 22 au 23.

Kwa hivyo ukuta wetu wa kwanza usiwe wa picha za vita pekee. Utundike na ile Brownie, au picha yake. Mtoto wa shule ya Kanduyi akiiona ajue kila kitu kilianzia kwenye kiboksi kile.

Ukuta wa pili: Jumamosi ya Mboya

Julai 5, 1969 ilikuwa Jumamosi. Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, alikuwa ametoka kwenye duka la dawa la Chhani's, Government Road, barabara ambayo leo unaijua kama Moi Avenue. Alipigwa risasi mchana kweupe. Alikuwa na miaka 38.

Mo alifika pale kwa dakika chache tu. Aliyanasa yale ambayo taifa lilikuwa halijayaamini: umati, taharuki, juhudi za kumwokoa mtu ambaye tayari alikuwa anaondoka. Kazi ya siku ile ilimletea tuzo ya mpiga picha bora wa mwaka huko Uingereza.

Huu ndio ukuta utakaoleta ubishi ukumbini, na ni sawa. Kuna mzee atasimama aulize: hivi mtu anakufa, wewe unarekodi? Swali hilo leo tunaulizana kila wiki. Ajali ikitokea pale barabara kuu ya kwenda Malaba, kabla ambulensi haijafika kuna simu kumi hewani. Tofauti iko wapi?

Nimelifikiria sana. Kwanza, Mo hakuwa mpita njia mwenye kiherehere. Hiyo ilikuwa kazi yake, aliyoifanya kwa nidhamu, na alilijibia kila picha kwa jina la kampuni yake. Pili, mauaji yale yalikuwa ya mtu wa umma, na maswali kuhusu nani aliyatuma hayajaisha hadi leo. Bila picha, uvumi ungebaki peke yake uwanjani. Video ya mama aliyejeruhiwa kwenye matatu haimsaidii mama yule wala haimuulizi mtu yeyote swali. Inazunguka tu kwenye magrupu hadi inaifikia familia yake.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba mstari uko wazi kila mara. Hata kwa Mo haukuwa wazi. Utaona kwenye ukuta wa nne.

Ukuta wa tatu: Uganda, jirani yetu

Ukuta huu watu wa huku wataukaribia zaidi. Kutoka Kanduyi hadi mpaka wa Malaba ni mwendo mfupi tu wa matatu. Yaliyotokea Uganda kwa babu zetu hayakuwa habari za nje.

Januari 1971 Idi Amin alichukua madaraka Kampala. Mohamed Amin, ambaye hawakuwa na undugu wowote zaidi ya kufanana jina, alimfuata kwa kamera kwa miaka yote ya utawala wake. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wengine walipanda ndege kule Entebbe. Wengine walipanda treni ya kwenda Mombasa, kwenye reli ileile inayopita Bungoma. Ukiwa na mtu wa umri mkubwa nyumbani, muulize kama anakumbuka treni zile.

Sasa fikiria Mo anasimama upande gani hapo. Baba yake alikuja Afrika Mashariki kwa ajili ya reli. Uso wake ni wa watu walewale wanaofukuzwa. Na bado kazi yake ni kusimama kando, arekodi, na kesho aombe tena ruhusa ya kumpiga picha mtu aliyewafukuza. Kuna waandishi ambao hasira ingewafungia milango. Mo aliuacha mlango wazi, akaendelea kuingia na kutoka, na kwa sababu hiyo dunia ina kumbukumbu ya mtawala yule akicheka, akivaa medali, akijitapa, kisha akianguka 1979.

Na hakumwachia hapo. Mwaka 1980, wakati watu hawajui Idi Amin yuko wapi hasa, Mo na mwandishi wa BBC, Brian Barron, walimpata Jeddah, Saudi Arabia, wakafanya naye mahojiano ya kwanza tangu akimbie.

Kabla hatujaondoka kwenye ukuta huu, tuache nafasi ya picha ambazo si za vita, maana mtu akiitwa mpiga picha wa vita tunasahau mengine. Alipiga picha za Hija, akatoa kitabu kuhusu safari ya Makka mwaka 1978, akiwa Mwislamu anayeingia mahali ambapo wapiga picha wengi wa Ulaya hawaruhusiwi. Alizunguka Ziwa Turkana. Pamoja na mwandishi Brian Tetley na mpiga picha Duncan Willetts alitoa vitabu vikubwa vya picha kuhusu Kenya na nchi nyingine. Mtu aliyeona maiti nyingi kuliko wengi wetu ndiye pia aliyetuonyesha nchi yetu ikiwa nzuri.

Ukuta wa nne: Korem

Hapa tupunguze sauti ukumbini.

Mwaka 1984 mvua ilikuwa imekataa kaskazini mwa Ethiopia. Ila ukame peke yake hauui watu kwa wingi namna ile. Kulikuwa na vita. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa inapigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na njaa ikawa sehemu ya vita hivyo. Mwezi Septemba mji mkuu ulikuwa kwenye sherehe za miaka kumi ya mapinduzi, huku kaskazini watu wakitembea siku kadhaa kutafuta chakula. Waandishi wa kigeni hawakuwa wakiruhusiwa kwenda huko ovyo. Kibali kilikuwa kigumu kama jiwe.

Mo alikuwa na kitu ambacho pesa hainunui upesi: miaka ya kujuana na watu. Alizijua ofisi za Addis Ababa, alijua nani wa kuongea naye. Oktoba akapata njia ya kufika Tigray na Wollo pamoja na Michael Buerk wa BBC. Mo alikuwa akifanya kazi na Visnews, shirika lililosambaza picha za televisheni kote duniani.

Walifika Korem. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika hapo, nyanda za juu, baridi kali ya usiku. Kila asubuhi waliokufa walifungwa kwenye vitambaa na kulazwa kwa mstari. Kule Mekele walimkuta muuguzi wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, akilazimika kuchagua watoto wa kuingizwa kwenye mpango wa lishe, maana chakula hakikutosha wote. Aliyechaguliwa ana nafasi ya kuishi. Anayeachwa, yeye na mama yake wanajua.

Mo alirekodi. Kamera yake haikuwa na haraka. Inatembea polepole juu ya nyuso, inakaa, haikimbii. Ukiitazama leo utagundua kwamba hakuna ujanja wowote. Anakulazimisha tu usiangalie pembeni.

Taarifa ilirushwa na BBC Oktoba 23, 1984, na nchini Marekani NBC nao wakaionyesha. Kutoka hapo ikasambaa hadi vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. London, Bob Geldof aliiona akiwa nyumbani, akakusanya wanamuziki, wakatoa wimbo kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata Wamarekani wakatoa wao, ulioandikwa na Michael Jackson na Lionel Richie. Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia siku moja. Mamilioni ya pesa yakachangwa, ndege za chakula zikaruka. Watu wengi wako hai, na wana wajukuu leo, kwa sababu kamera ile ilifika Korem.

Waliomfahamu wanasema Korem ilimbadilisha. Mtu aliyekuwa anaingia vitani na kutoka, akikimbiza picha inayofuata, safari hii kitu kilimganda.

Sasa lile swali la ukuta wa pili linarudi na meno. Picha za Korem ziliokoa watu. Picha hizohizo pia zilibandika Afrika kibandiko ambacho hadi leo hakijabanduka vizuri: mtoto mwenye macho makubwa, nzi usoni, mkono umenyooshwa. Rafiki yako aliyeenda kusoma Ulaya atakuambia bado anaulizwa kama kwao kuna chakula. Vita, serikali, maamuzi ya watu wenye majina na vyeo, yote yalifutika kwenye kumbukumbu ya dunia, yakabaki mvua na huruma.

Je, lawama ni ya Mo? Mimi nasema hapana, na nitakuambia kwa nini. Yeye alipiga picha ya mahali fulani, siku fulani, watu fulani, katika vita fulani. Waliokuja baadaye ndio waliokata kila kitu pembeni wakabakisha uso na njaa. Picha iliibiwa maelezo yake. Na ikishaibiwa maelezo, jina la mpigaji nalo huondoka, ndiyo maana kinyozi wangu hamjui.

Kwa hivyo chini ya picha za ukuta huu hatutaandika Afrika. Tutaandika Korem, Wollo, Oktoba 1984, vita kati ya serikali na waasi wa kaskazini. Tutaandika jina la Mohamed Amin. Na tutaacha mstari mtupu wa majina ya watu waliomo kwenye picha, wengi wao hakuna aliyewauliza. Mstari ule mtupu ubaki wazi, watu wauone. Hilo ni deni ambalo hata Mo hakulilipa lote.

Ukuta wa tano: Mkono na ndege

Mei 1991 Mengistu alikimbia, na waasi wakaingia Addis Ababa. Mo alikuwa huko. Juni 4 ghala la silaha lililipuka jijini. Yeye na wenzake walienda kurekodi, na mlipuko mwingine ukawakuta. John Mathai, Mkenya aliyekuwa akinasa sauti, aliuawa papo hapo. Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Jina la John Mathai nalo tuliandike kwa herufi kubwa, tafadhali. Huwa tunamkumbuka mwenye kamera, na hata huyo kwa shida. Anayebeba kipaza sauti anakufa bila hata mstari gazetini.

Wengi walidhani Mo amemaliza kazi. Mpiga picha mwenye mkono mmoja, atafanyaje? Alitengenezewa mkono wa bandia unaoweza kushikilia kamera, na baada ya miezi kadhaa tu alirudi kazini. Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama mahubiri ya kutokata tamaa. Sawa, lakini usisahau upande wa pili. Nyumbani kulikuwa na mke, Dolly, na mtoto mmoja, Salim, waliozoea simu za usiku na sanduku lililofungwa tayari mlangoni. Salim alikuja kutengeneza filamu kuhusu baba yake, Mo & Me, iliyotoka 2006, na ndani yake hafichi kwamba kukua na baba wa namna ile ni kukua ukimngoja. Ukipata nafasi itazame. Ni mtoto anayempenda baba yake bila kumpaka mafuta.

Halafu ikaja Jumamosi, Novemba 23, 1996. Mo na Brian Tetley, yule mwandishi mwenzake wa vitabu, walipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka na kumtaka rubani, Kapteni Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakumwamini. Ndege ilifuata pwani, kisha ikakata bahari, hadi injini zikazima karibu na visiwa vya Komoro. Kapteni alijaribu kuitua majini karibu na ufuo wa Ngazija. Ilivunjika vipande. Kulikuwa na watu 175 ndani. 125 walikufa, 50 wakapona, na wengi waliopona wanamshukuru rubani yule na wavuvi, wenyeji na wageni wa hoteli waliokimbilia majini.

Manusura walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji dakika zile za mwisho. Alikuwa na miaka 53.

Na kuna jambo ambalo kila nikilifikiria nanyamaza. Ndege ile ikianguka majini ilinaswa kwenye video na mtalii aliyekuwa ufuoni. Mtu aliyerekodi vifo vya wengine kwa zaidi ya miaka thelathini, chake kilirekodiwa na mgeni aliyekuja kupumzika. Video hiyo ipo. Ukiitazama, kumbuka yale tuliyobishana kwenye ukuta wa pili.

Ukuta wa sita hauna picha

Tumebaki na ukuta mmoja. Sitautundika Mo. Ni wetu.

Sisi wa Bungoma na Trans Nzoia tumepitia vita vyetu. Kuanzia 2006 Mlima Elgon uliwaka kwa mgogoro wa ardhi, kundi la SLDF likaua na kukata watu masikio, na Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha familia zikilia kuhusu vijana walioteswa na wengine wasiorudi. Watu walishuka mlimani wakaja huku chini, wengine hadi Kitale, wengine hadi Bungoma mjini. Kama una miaka 25 leo, ulikuwa mtoto darasani, labda karibu na mwenzako aliyekuja katikati ya muhula bila sare na bila kueleza kwa nini.

Picha za miaka ile ziko wapi? Ziko baadhi kwenye kumbukumbu za magazeti na ripoti za haki za binadamu. Nyingine nina hakika ziko kwenye simu za zamani zilizokufa betri, kwenye albamu chini ya kitanda cha mtu, kwenye negativu za mpiga picha wa mtaani aliyefunga studio. Zinaliwa na unyevu na mchwa. Hilo ndilo ambalo Mo hakuliruhusu limpate. Alihifadhi kazi yake, mamilioni ya picha na maelfu ya saa za filamu, chini ya kampuni yake, Nairobi. Ndiyo maana tunaweza kuandaa maonyesho haya hata kwa kufikiria tu. Wapiga picha wengi wa kizazi chake waliuza, wakapewa ahsante, na negativu zikabaki ng'ambo.

Kwa hivyo kama maonyesho haya yatatoka kwenye maneno yawe kweli, na sioni kwa nini yasiwe, kazi yako ni hii.

Picha za Mo zina wenyewe. Usipakue tu ukachapishe pale sayba. Andikieni wakfu wake, mweleze ni maonyesho ya jamii, bila kiingilio, muombe ruhusa. Ukumbi wa kanisa, darasa la Jumamosi, hata ukuta wa duka unatosha. Watu wa makumbusho ya Kitale wanajua kutunza vitu vya kale, waulizeni namna ya kuhifadhi picha zisiharibike. Hawaumi.

Halafu nenda nyumbani. Mwombe nyanya yako akutolee ile albamu. Usiikimbilie kuipiga picha uiweke mtandaoni. Keti naye kwanza. Kwa kila picha muulize mambo manne: ni nani huyu, ni wapi, ni lini, na nani aliipiga. Andika nyuma kwa penseli, maana wino hupenya ukaharibu. Akikuambia picha fulani haitaki kuonekana na watu, heshimu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Jina likishaandikwa nyuma ya picha, kinyozi wa mwaka 2060 akiulizwa atakuwa na la kujibu.